Mgeni wa miaka 36

Juni 2025, serikali ya Uholanzi ilipovunjika kwa ugomvi wa wahamiaji, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Muheza. "Dada, hawa Waholanzi wako wamepatwa na nini? Si ulituambia ni watu watulivu?" Nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta tena. Yeye anahesabu kuanzia uchaguzi wa Novemba 2023, chama cha Geert Wilders, mwanasiasa anayepinga wahamiaji na Uislamu, kilipoongoza kwa viti 37 kati ya 150. Hesabu yangu inaanza nyuma zaidi, mwaka 2002, ambao niliumaliza karibu wote Den Haag, kwenye chumba cha hosteli kilichokuwa dakika kumi kwa miguu kutoka bungeni kwao. Mwaka ule hauenei kwenye ujumbe wa sauti, kwa hiyo nauandika.

Nilikwenda kusoma shahada ya uzamili kwenye Institute of Social Studies, chuo walichopitia watumishi wengi wa serikali kutoka kwetu. Nilitua Septemba 2001, siku chache kabla ya minara ya New York kuanguka. Watoto nilimwachia mama yangu Lushoto. Baridi haikunishangaza sana, Lushoto tunaijua baridi. Nilichoshangaa ni madirisha. Waholanzi hawafungi mapazia. Ukipita mtaani saa moja usiku unaona sebule nzima: taa, kochi, mzee anasoma gazeti, mtoto anapiga kinanda, na pale dirishani vyungu vya maua vimepangwa kama bidhaa za dukani. Vingi vilikuwa na ua moja dogo la zambarau, majani yake mazito yenye manyoya. Nilizoea kuliona nyumba hadi nyumba bila kuuliza jina lake.

Kila Alhamisi jioni mama mmoja alikuja hosteli kutufundisha Kiholanzi kwa kujitolea. Alikuwa mwalimu aliyestaafu mapema, miaka 56, na alikuja na baiskeli yake hata kwenye mvua ya kukatisha tamaa. Nitamwita Mwalimu, ndivyo tulivyomwita. Siku ya kwanza aliuliza kila mmoja ametoka wapi, akafungua ramani. Lushoto haikuwamo. Nikaweka kidole kati ya Tanga na Kilimanjaro, naye akatia nukta ya kalamu pale nilipogusa.

Mwezi wa kwanza gulden, sarafu yao ya zamani, ikafa na yuro ikaingia. Yuro moja ilikuwa gulden 2.20371, basi kila mtu alitembea akigawa kwa mbili kichwani na kunung'unika kwamba kahawa imepanda. Tarehe 2 Februari mrithi wa ufalme, Willem-Alexander, akamwoa Máxima kutoka Argentina. Baba mzazi wa bibi harusi hakuhudhuria, kwa kuwa aliwahi kuwa waziri kwenye serikali ya kijeshi ya Jorge Videla. Tuliitazama harusi ile kwenye televisheni ya hosteli, wanawake wa mabara matatu, na ilipopigwa tango kanisani machozi yakamtoka bibi harusi, na sisi tukalia naye. Wiki moja baadaye hakuna aliyekuwa akizungumzia harusi.

Tarehe 9 Februari gazeti la de Volkskrant lilichapisha mahojiano na Pim Fortuyn. Alikuwa profesa wa zamani wa sosholojia, anaishi Rotterdam, kichwa kimenyolewa chote, suti za kushonesha, tai pana za kung'ara, mbwa wawili wadogo na gari lenye dereva. Aliwapenda wanaume wenzake na hakumficha mtu. Nchi ilikuwa chini ya serikali ya mseto waliyoiita ya zambarau, kwa sababu ilichanganya wekundu wa chama cha wafanyakazi na bluu ya waliberali. Waziri Mkuu, Wim Kok, alikuwa madarakani tangu 1994, kazi zilikuwepo, barabara zilipitika, na wasomi waliomaliza shule wakaamini kwamba siasa imekwisha na kilichobaki ni usimamizi. Fortuyn akasema foleni za hospitali ni ndefu, shule zimechoka, mitaa inatisha, na wakubwa hawasikii. Hayo aliyasema vizuri. Kisha kwenye mahojiano yale akasema Uislamu ni utamaduni uliobaki nyuma, na kwamba kifungu cha 1 cha katiba, kinachokataza ubaguzi, kingefaa kiondolewe. Chama chake kikamfukuza siku iliyofuata. Akaunda orodha yake mwenyewe kwa jina lake mwenyewe. Tarehe 6 Machi, kwenye uchaguzi wa halmashauri, wenzake wa Rotterdam wakapata viti 17 kati ya 45, katika mji ambao chama cha wafanyakazi kiliushika tangu baada ya vita.

Mimi ni Mwislamu na navaa ushungi. Mwishoni mwa Februari, kwenye tramu, bibi mmoja mwenye nywele nyeupe aliniinamia akaniuliza kwa Kiingereza safi, bila ukali wowote, kama ni mume wangu anayenilazimisha. Nikamwambia mume wangu yuko Lushoto, na ushungi nimeununua mwenyewe Tanga, Barabara ya 12. Akanipigapiga mkono kama mtu aliyesikia habari ya msiba. Nimeshatukanwa maishani kwa maneno makali zaidi ya hayo na nikalala usingizi. Siku ile sikulala. Kwa miezi mitano nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanzania. Kwa swali moja nikageuka mfano wa kitu.

Alhamisi iliyofuata nilimsimulia Mwalimu. Alinyamaza, kisha akaniambia atampigia kura Fortuyn. Nilihisi damu inanipanda. Nilikuwa nimekaa naye meza moja, nimekula biskuti zake. Akasema kwenye ngazi za jengo lao sasa ni yeye na mjane mmoja tu wanaozungumza Kiholanzi, kwamba hana chuki na jirani yeyote, kwamba anawafundisha lugha bure wanaotaka kujifunza, lakini mtaa wake umebadilika wote na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Neno hilo alilirudia: hakuna aliyeniuliza.

Nimelifikiria kwa miaka mingi na bado nadhani alikuwa na haki ya kulisema. Ila kuna wengine ambao hawakuulizwa. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake jembe ni heshima: ukishalishika umekuwa mwenzetu, unalima nasi, unakula nasi, unazikana nasi. Uholanzi ilisaini mkataba wa kuchukua wafanyakazi kutoka Uturuki mwaka 1964 na kutoka Moroko mwaka 1969, na wanaume wale walikabidhiwa jembe siku ileile waliyoshuka. Wakaitwa kwa neno ambalo maana yake ni mgeni mfanyakazi, nalo jina la mgeni halikuwatoka. Watoto wao waliozaliwa palepale waliandikwa kwenye takwimu za serikali kuwa allochtoon, mtu wa asili ya kwingine, ilimradi mzazi mmoja amezaliwa nje. Jembe walipewa, uenyeji wakanyimwa, na miaka 30 baadaye wanaulizwa kwa nini hawajawa wenyeji.

Aprili ilikuja na Srebrenica. Tarehe 10 ilitoka ripoti ya miaka mingi ya uchunguzi kuhusu Julai 1995, pale askari wa Uholanzi waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa walipokuwa wanalinda mji ule wa Bosnia, na majeshi ya Waserbia wa Bosnia chini ya Ratko Mladić yakauteka, yakawachukua wanaume na wavulana wa Kiislamu na kuwaua, zaidi ya 8,000. Siku sita baadaye Kok na baraza lake zima wakajiuzulu, uchaguzi ukiwa umebaki mwezi mmoja. Alisema jumuiya ya kimataifa haina sura na haiwezi kubeba dhamana mbele ya wafiwa. Yeye anaweza, na anaibeba.

Wenzangu wengine darasani walisema ni mchezo wa kuigiza, serikali yenyewe ilikuwa inaondoka. Mimi nilikataa. Nilikulia nikisikia wazee wakimtaja Mzee Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 70 kwa vifo vya mahabusu ambavyo hakuviamuru, na nilijua thamani ya kiongozi anayesema "ni juu yangu". Mwenzetu mmoja alitoka Kigali. Mwaka 1994 askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi kwenye shule moja ya ufundi mjini kwao, watu maelfu wakakimbilia pale, kisha askari wakafunga mizigo wakaondoka. Jioni ile alikaa mbele ya televisheni akimtazama Kok, mikono katikati ya magoti. Taarifa ilipokwisha alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Angalau mmoja." Akaenda kulala.

Tarehe 6 Mei ilikuwa Jumatatu. Baada ya kipindi cha mwisho nilipanda tramu kwenda Transvaal, mtaa wa wahamiaji ambao barabara zake zina majina ya majemadari wa Makaburu. Duka nilipokuwa nikinunua bamia na mihogo lilikuwa Paul Krugerlaan. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kimoroko, tukimwita Hajji. Redio yake haikuzimwa kamwe. Saa moja kasoro hivi jioni muziki ukakatwa. Sikuelewa maneno yote, ila jina nililisikia, na neno la kupigwa risasi Mwalimu alishatufundisha kwa sababu tulikuwa tunasoma magazeti. Saa 12 na dakika chache, kwenye maegesho ya kituo cha utangazaji Hilversum, akitoka kwenye mahojiano ya redio, Fortuyn alikuwa amepigwa risasi.

Hajji aliweka chini mzani. Dukani tulikuwa watu wanne: yeye, mimi, kijana mmoja wa Kituruki na mama wa Kisurinam mwenye mkoba wa magurudumu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hajji akainua viganja akasema kwa Kiarabu maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa: Ewe Mola, asiwe mmoja wetu. Yule mama wa Kisurinam, ambaye shingoni alikuwa na msalaba, akasema amina. Tukasimama hivyo. Bamia zangu zilikuwa bado kwenye sahani ya mzani na sindano ya mzani inatikisika. Ilitangazwa kwamba amekufa. Muda mrefu ukapita, mtoto wa Hajji akashusha mlango wa chuma nusu, ndipo redio ikasema aliyekamatwa ni mzungu, Mholanzi.

"Alhamdulillahi," Hajji akasema, na papo hapo akajifunika mdomo kwa mkono. Alikaa kwenye kreti ya soda akalia. Mtu amelala kwenye lami, mtoto wa mtu, na yeye ameshukuru. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Angalia tulipofikishwa. Angalia nilichosema." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu na mimi moyoni nilikuwa nimeshukuru.

Muuaji alikuwa Volkert van der Graaf, mwanaharakati wa mazingira na haki za wanyama. Alihukumiwa miaka 18 mwaka uliofuata. Mahakamani alisema alimwona Fortuyn kuwa hatari kwa wanyonge, Waislamu wakiwemo. Hakuna Mwislamu aliyemtuma.

Usiku ule harufu ya moshi ilifika hadi dirishani kwangu. Watu wenye hasira walikusanyika Binnenhof, kwenye majengo ya bunge, wakarusha mawe kwa polisi, na magari yakachomwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi. Kila siku nilikuwa napita karibu na pale, mbele ya sanamu ya shaba ya Johan de Witt, kiongozi wa taifa ambaye mwaka 1672 yeye na kaka yake waliraruliwa na umati uwanjani hapohapo. Magazeti ya kesho yake yalilazimika kurudi nyuma karne hizo zote kutafuta mfano. Watu waliweka maua mengi mbele ya nyumba ya Fortuyn kule Rotterdam hadi mlango haukuonekana. Tarehe 8 Mei, Rotterdam hiyohiyo, Feyenoord iliifunga Borussia Dortmund 3–2 na kuchukua Kombe la UEFA. Nimewahi kuona mji ukishangilia kombe. Nilikuwa sijaona mji unaoshangilia na kuomboleza kwa sauti moja.

Uchaguzi haukuahirishwa. Tarehe 15 Mei jina la marehemu lilikuwa bado kwenye karatasi ya kura na zaidi ya watu milioni moja wakalipigia. Orodha yake ilipata viti 26. Chama cha wafanyakazi kilishuka kutoka viti 45 hadi 23. Mshindi alikuwa Jan Peter Balkenende wa Wakristo wa kidemokrasia, viti 43, mtu ambaye miezi michache kabla hakuna aliyemtaja. Mwalimu alipiga kura kama alivyosema. Alhamisi ile alikuja na macho mekundu, akaandika ubaoni vitenzi vya wakati uliopita, na somo likaendelea.

Julai mosi nilikwenda Amsterdam na yule mama wa Kisurinam wa dukani kwa Hajji. Tulikuwa tumeanza kusalimiana tangu Mei, mkishasimama pamoja dakika zile hamwezi kurudi kuwa wageni. Siku ile Malkia Beatrix alikuwa anafunua mnara wa kumbukumbu ya utumwa kwenye bustani ya Oosterpark. Machi ya mwaka huohuo walisherehekea kwa shangwe miaka 400 ya kampuni yao ya biashara ya Mashariki, VOC. Julai ikaja zamu ya wale waliolipia utajiri wa upande wa pili, Surinam, koloni lao la zamani Amerika ya Kusini, na visiwa vya Karibi. Mama yule alivaa koto, gauni la bibi zake, limepigwa wanga hadi linasimama lenyewe, na kilemba kilichokunjwa kwa namna yenye maana yake. Alikuwa ameamka saa 10 alfajiri kulipiga pasi. Tulipofika tukakuta uzio. Baada ya mauaji ya Mei ulinzi ulikuwa mkali, na walioalikwa walikaa ndani, wengine wote nje, mbali, tusione kitu. Watu weusi kwa mamia, waliovaa vizuri kuliko siku ya arusi, wakitazama uzio huku mnara wa babu zao unafunuliwa ng'ambo.

Alishika waya kwa vidole vyote. Aliniambia utumwa wao ulifutwa Julai mosi 1863, lakini waliachwa miaka kumi zaidi wafanye kazi za lazima mashambani, hadi 1873. Nikamwambia 1873 ndio mwaka Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa Unguja. Alinitazama usoni kama ndugu aliyepotea. Kisha akaanza kuimba, na waliokuwa jirani wakaitikia, na wimbo ukapita uzio bila kuomba ruhusa. Nasikia uchungu hadi leo nikikumbuka lile gauni lake, limekunjamana mbele kwa kusukumwa kwenye waya.

Serikali mpya iliapishwa 22 Julai, waliberali na watu wa Fortuyn ndani yake. Mmoja wa manaibu waziri wao, mzaliwa wa Surinam, alijiuzulu saa chache baada ya kiapo, ilipojulikana kuwa aliwahi kuwa kwenye mgambo wa Desi Bouterse, mtawala wa kijeshi wa Surinam miaka ya 80. Mawaziri wawili wa chama hicho, Bomhoff na Heinsbroek, wakaingia kwenye ugomvi ambao ulijaza magazeti kuanzia Septemba. Sitausimulia, haukuwa na kitu ndani yake. Miezi hiyohiyo Ayaan Hirsi Ali, Msomali aliyesoma Nairobi, ambaye hakuwa hata mbunge bado, alilazimika kujificha kwa vitisho vya kuuawa kwa sababu ya aliyoyasema juu ya Uislamu. Mengi aliyoyasema mimi siyakubali. Vitisho vile vilikuwa aibu yetu, nilisema hivyo msikitini upande wa wanawake, na wachache walinielewa.

Halafu Oktoba 6 akafariki Mwana wa Mfalme Claus, mume wa Malkia Beatrix.

Nilijua jina lake tu. Asubuhi ya tarehe 7 niliona picha gazetini: mvulana wa Kizungu, kaptula, nyuma yake milima. Nikasoma maelezo chini yake nikakaa. Claus von Amsberg alizaliwa Ujerumani mwaka 1926, akaletwa Tanganyika akiwa na miaka miwili, na kuanzia 1936 hadi 1938 alisoma shule ya bweni ya Wajerumani Lushoto. Bibi yangu aliikumbuka shule ile. Alikuwa akitusimulia watoto wa Kijerumani wakishuka mlimani Jumapili kwa mstari, soksi zimevutwa hadi magotini, na wao, watoto wa Kisambaa, wakijificha kwenye migomba kuwatazama. Huenda mmoja wa wale alikuwa yeye. Siwezi kujua, lakini tangu siku ile nimeshindwa kumwona kama mtu baki.

Aliporudi Ujerumani alitiwa kwenye jeshi la vijana wa Hitler kama wenzake, na mwaka 1945 alikuwa askari Italia, akatekwa na Wamarekani. Alipochumbia binti wa kifalme, miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu Wajerumani waondoke Uholanzi. Siku ya harusi, 10 Machi 1966, mabomu ya moshi yalirushwa kwenye msafara katikati ya Amsterdam na vijana wakaimba atoke, arudi kwao. Yeye akajifunza lugha, akafanya kazi ya maendeleo ya nchi maskini kwa miaka mingi, akaugua sonona hadharani wakati ugonjwa huo wakubwa waliuficha. Desemba 1998, mwishoni mwa sherehe iliyohusu mitindo ya mavazi ya Afrika, alisimama akamsifu Mandela kwa mashati yake, akaiita tai nyoka shingoni, akaivua na kuitupa miguuni pa Malkia. Sisi tuliozoea kumwona Mwalimu Nyerere bila tai tunaelewa alichokuwa anasema mtoto yule wa Lushoto.

Alhamisi ile Mwalimu aliingia darasani bila kuvua koti. Akafungua ramani yake ileile, akaweka kidole kwenye ile nukta aliyoitia mwaka uliopita. "Ni hapa?" Nikasema ndiyo. Akakaa. Akatuambia kwamba Machi 1966 alikuwa na miaka 20, mwanafunzi Amsterdam, na alisimama kando ya barabara akapiga kelele na wenzake: Claus, toka! Baba yake alikuwa amepelekwa Ujerumani kufanya kazi za lazima wakati wa vita, akarudi na mapafu yaliyoharibika. "Nilikuwa na sababu," alisema. "Na yeye hakuwa amenifanyia kitu." Kisha akalia mbele ya wanafunzi kutoka nchi tisa, na mwenzetu wa Kigali akamletea maji.

Nikamuuliza, sikuweza kujizuia, kama kwa hesabu ya serikali Claus hakuwa allochtoon. Na mwanawe, mrithi wa kiti, ambaye baba yake amezaliwa nje, si naye pia? Mwalimu alifikiri, akahesabu kwa vidole wazazi wa kila mtu, akasema, "Ndiyo. Naam, ndiyo." Hakuwa ameliona hivyo. Miaka 36 tangu moshi ule, na nchi nzima ilikuwa inamlilia Mjerumani. Niliamini kila chozi. Nilichotaka kujua, na nikamwuliza pia, ni kwa nini mtoto wa Hajji, aliyezaliwa Den Haag na anayeongea Kiholanzi cha Den Haag, asihesabiwe haraka zaidi ya hapo. Alisema hajui. Aliongeza, "Lakini naulizwa sasa, na hilo ni jambo."

Claus alizikwa 15 Oktoba kwenye Nieuwe Kerk, Delft. Tarehe 16 serikali ikaanguka. Siku 87. Mawaziri walikuwa wamevaa nguo nyeusi kanisani jana yake, na kesho yake asubuhi hawakuweza kukaa meza moja.

Wiki moja kabla sijarudi nyumbani, Mwalimu alinipeleka Delft kwa tramu namba 1. Kwenye jumba la Prinsenhof alinionyesha matundu ya risasi ukutani, chini ya kioo, yaliyobaki tangu 10 Julai 1584 alipouawa pale Willem van Oranje, baba wa taifa lao. Watoto wa shule walikuwa wanapanga foleni kuyatazama. Kisha tukaenda kanisani. Kaburi la Claus liko chini ya sakafu, hapafiki mtu. Nilisimama juu ya jiwe nikamsomea Mungu amrehemu, kwa Kisambaa, kimoyomoyo, maana nilidhani huenda ni muda mrefu hajakisikia.

Jioni alinikaribisha chai kwake. Nilipanda zile ngazi alizowahi kuniambia. Mlango wa pili ulikuwa wazi, mwanamke wa Kimoroko akamsalimia kwa jina na kumpa sahani iliyofunikwa, naye akairudisha nyingine tupu, iliyooshwa. Dirishani kwake kulikuwa na vyungu vitano vya lile ua la zambarau. Nikauliza linaitwaje. Akasema Kaaps viooltje, ua la Rasi, kutoka Afrika Kusini. Nikasogea nikagusa yale manyoya ya jani, na ndipo macho yangu yalipofunguka. Hayo yanaota kwetu, kwenye miamba yenye kivuli msituni Usambara, kando ya maporomoko, hakuna anayeyapanda. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ulaya miaka ya 1890, na Wajerumani wenyewe wanaliita kwa jina la milima yetu. Nilimweleza hayo yote nikiwa nimesimama, kwa Kiholanzi changu chote nilichokuwa nacho.

"Miaka 30 nimelimwagilia," alisema.

Akaleta kalamu na kipande cha plasta, akaandika, akabandika kwenye chungu. Usambarra, kwa r mbili. Nikamsahihisha, kama alivyokuwa akinisahihisha kila Alhamisi, naye akabandua plasta, akakata nyingine, akaandika upya.